Nyumba Iliyofagiwa

Tangi la kioo la maji ya chumvi laweza kukaa miaka mitatu likiwa na afya: samaki wanazunguka, matumbawe yanachanua, na ndani ya kabati chini yake chujio limejaa utando wa kahawia unaotia kinyaa. Kisha mwenyewe anaamua kulitengeneza sawasawa. Anatupa sponji kuukuu, anafunga chujio jipya lenye nguvu zaidi, anaongeza mkaa wa kuchujia na punje za oksidi ya chuma, zile nyekundu kama kutu, ambazo kazi yake ni kunasa fosfati. Maji yanang'aa hadi mtu anatilia shaka kama yamo. Wiki ya kwanza ni ya kujisifu. Wiki ya pili matumbawe hayafungui mikono yake kama ilivyo desturi. Wiki ya tatu rangi imepauka, na kwenye shina la tumbawe moja nyama imeanza kurudi nyuma ikiacha mfupa mweupe, kama ufizi unaoachana na jino. Anapima maji, anakuta nitrati sifuri na fosfati sifuri. Kwa kila kipimo cha usafi alicho nacho, tangi hilo halijawahi kuwa safi kama siku hizi linapokufa.

Kilichotokea hakina siri. Ule utando wa kahawia aliouona kuwa taka ulikuwa ni bakteria wenyewe, wamekaa. Samaki akila hutoa amonia, kwa matamvua zaidi kuliko kwa mkojo, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Viumbe hao hukaa juu ya sponji, juu ya mawe, juu ya kila kitu kinachopitiwa na maji, na tangi jipya huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kabla hawajawa wengi wa kutosha. Kutupa sponji ni kuwafukuza wafagiaji siku ya kufagia. Hilo la kwanza. La pili ni mwanga: maji ya tangi la siku nyingi huwa na umanjano hafifu ambao jicho haliuoni mpaka uyalinganishe na maji mengine, na mkaa mpya hunyonya umanjano huo kwa siku chache tu, hivyo taa ileile ya jana inaanza kulichoma tumbawe lililozoea kivuli. La tatu, ambalo naliona zito kuliko yote, ni njaa. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa chembe mojamoja, mamilioni kwa mamilioni, nao humpatia mwenyeji wao hadi asilimia 90 ya nguvu anayoihitaji. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na hawakuwa wakifikiria tumbawe. Lakini mgeni huyu naye hula, na chakula chake ni nitrojeni na fosfati, vitu ambavyo kwenye karatasi ya vipimo vimeandikwa safu ya uchafu. Chujio jipya halikukosea kazi yake. Liliambiwa liondoe, likaondoa.

Kinyala, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, ni mahali pa chai, ndizi na viazi, na bahari iko mbali mno. Hata hivyo swali linaloulizwa na tangi hilo huulizwa pande hizo kila Jumapili, na kwenye misiba hata siku za kazi. Wahubiri wa Tukuyu, mji wa jirani, wawe Wamoraviani, Walutheri au wa makanisa ya kiroho yaliyokuja baadaye, wote husema lugha ya kuosha: moyo uoshwe, nyumba isafishwe, ukoo ufunguliwe kutoka katika mambo ya wazee. Mwislamu wa Tukuyu mjini naye haanzi swala bila tohara. Hakuna dini isiyoyajua maji. Suala ni nini kinachobaki baada ya maji kupita, na hapo ndipo watu wa dini, kama yule mwenye tangi, hupimana kwa sifuri: aliyeacha vingi zaidi ndiye aliyetakasika zaidi. Ninachodai ni kwamba kipimo hicho ni kibovu, na kwamba dini zenyewe zinajua ni kibovu. Kilicho safi ni kile ambacho uchafu ukiingia hupata mahali pa kwenda na wa kuushughulikia. Anayeuondoa uchafu pamoja na wanaoushughulikia ameacha nafasi, na nafasi haikai bila mtu.

Habari hiyo imo katika Injili, na ajabu ni kwamba husomwa mara nyingi kama onyo kwa walioanguka tena dhambini, ilhali inahusu zaidi wale waliofanikiwa. Pepo mchafu anamtoka mtu, anazunguka nyikani, hapati pa kutua, anarudi alikotoka. Anaikuta nyumba imefagiwa na kupangwa vizuri. Basi anakwenda kuwaita wenzake saba waovu kuliko yeye, wanaingia na kukaa, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kisa kimo katika Mathayo sura ya 12 na Luka sura ya 11, na katika tafsiri nyingi Mathayo ana neno moja ambalo kwa Luka halimo: nyumba ilikuwa tupu. Neno hilo ndilo linalobeba kisa kizima. Kisa hakimlaumu mtu kwa kufagia, wala hakisemi kwamba ufagio haukufika pembeni. Kosa lililotajwa ni kwamba ndani hapakuwa na mtu.

Wafugaji wa matumbawe wanaijua nyumba hiyo. Tangi likishafika sifuri, mara nyingi baada ya siku chache hutokea utando mwingine, huu wa kahawia unaovutika kama makamasi, na mchana huwa na vipovu vya hewa vilivyonaswa ndani yake. Ni dinoflajelati. Mwani wa kawaida na bakteria ambao wangegombania nao nafasi wamekwisha kufa njaa, na hawa, ambao baadhi yao wakikosa virutubisho majini huweza kula viumbe wengine, wanakuta sakafu nzima ni yao. Wapo wenye sumu inayoua hata konokono wa tangi. Mwenye tangi, kwa silika ya usafi, hukazana: huvuta utando, hubadilisha maji, huongeza punje za chuma. Wao huongezeka. Dawa ambayo wengi wameiona ikifaa inaudhi: kurudisha nitrati na fosfati kidogo kidogo kwa makusudi, na kuacha viumbe wengine wajae. Na kuna jambo moja hapa linalostahili kukaliwa. Ule mwani unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha, nao ni dinoflajelati. Ukoo ni mmoja. Mgeni aliyelifanya tumbawe liwe tumbawe na mvamizi anayelifunika na kuliua ni ndugu, na ukiwatazama kwa umbile tu huwezi kusema huyu ni neema na huyu ni laana. Utawatofautisha kwa kuuliza nani anakaa kwa nani, na nani anamlisha nani.

Unyakyusa, nchi hiyo ya Rungwe, ulijua hilo kwa namna yake. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabia vijiji vya huko kwa jinsi vilivyofagiwa, hakuna gugu wala takataka chini ya migomba. Aliona kweli, ila aliona nusu. Takataka hazikuwa zimetoweka. Mavi ya ng'ombe, ambao zamani walilazwa ndani ya nyumba pamoja na wenye nyumba, yalizolewa na kupelekwa kwenye migomba, na majivu na maganda vikafuata njia hiyohiyo. Uwanja ulikuwa safi kwa sababu mgomba ulikuwa unakula. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao huko, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1957 kuhusu ibada za ukoo za Wanyakyusa, Monica Wilson alieleza kwa kirefu hofu yao ya ubanyali, yaani uchafu wa kinyesi, wa uzazi, wa maiti. Kwao mwenda wazimu alijulikana kwa kuwa hakuona tofauti ya uchafu na chakula. Mtu angetarajia, basi, kwamba penye kifo, ambapo ubanyali umezidi, ibada yote ingekuwa ya kuosha. Sivyo. Wafiwa walifagiliwa takataka juu yao. Watu hao ambao uwanja wao ulimshangaza mgeni kwa usafi walichukua ufagio na kuielekeza taka kwa mfiwa, makusudi, mchana kweupe. Sababu waliyoitoa ni kwamba ni afadhali uchafu huo uje sasa, kwa wakati wake, kuliko uje wenyewe baadaye kwa sura ya wazimu. Baada ya hapo ndipo wafiwa walipokwenda mtoni kuoga na kurudi miongoni mwa watu.

Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliuchukua mfano huu mwaka 1966 katika kitabu chake mashuhuri juu ya usafi na hatari, akaona kwamba wanaokikabili kifo kwa kuukubali uchafu wake hujikinga nacho kuliko wanaoukimbia. Naongeza neno moja ambalo tangi linalifundisha vizuri zaidi. Angalia ibada hiyo ilikuwa na nini: siku zinazojulikana, ndugu wanaojulikana nafasi zao, nyumba moja, na mwisho wa shughuli. Uchafu wa kifo ulipewa mahali pa kukaa na watu wa kuugeuza, hatua kwa hatua, mpaka ukawa kitu ambacho jamaa wanaweza kuishi nacho. Sponji ni hivyo hivyo. Amonia haitoweki, hupitishwa kwa wa kwanza, akampa wa pili. Ukiliangalia chujio kama ungo, utalitaka lishike zaidi na zaidi. Ukiliangalia kama matanga, utauliza kwanza nani wamekaa ndani.

Pingamizi la kwanza ni gumu, na linatoka baharini kwenyewe. Matumbawe ya kweli, atasema mtu, huishi katika maji maangavu na maskini kuliko yote. Nenda Mafia au Chumbe ukaone. Charles Darwin aliyeandika juu ya miamba ya matumbawe mwaka 1842 amelipa jina lake fumbo hili: inakuwaje mji uliojaa uhai hivyo ukasimama katikati ya maji yasiyo na kitu? Ikiwa bahari safi ndiyo kwao, mwenye tangi alikosa nini kuwatengenezea bahari? Jibu limekuja polepole, na linaunga mkono hoja yangu. Maji yale ni matupu kwa sababu kila kilichomo kimeshikwa na mwili fulani. Mwaka 1983 Judy Meyer na wenzake walionyesha kwamba matumbawe yanayokaliwa na makundi ya samaki waliopumzika hukua haraka kuliko yasiyo nao, kwa kuwa samaki hurudi kutoka malishoni na kuacha kinyesi na amonia hapo walipolala. Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake wakaeleza kazi ya sifongo wa miamba: hunyonya uchafu ulioyeyuka majini, ambao wengi hawawezi kuula, na kuutema tena ukiwa chembe ambazo viumbe wengine hula. Uangavu wa bahari ni kama ule uwanja wa Thomson. Wa tangi lililokufa ni uangavu wa chumba kisichopangishwa. Jicho halioni tofauti, na hata vipimo vya dukani havioni, kwa kuwa vyote viwili vinasoma maji, wala havisomi wanaoishi ndani yake.

Pingamizi la pili ni la watu wenye akili timamu: uchafu huua. Kipindupindu hakingoji falsafa. Na matumbawe yenyewe yamelipia uchafu wa miji. Mwaka 1995 Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Zanzibar, kwamba ule mwani wa chokaa unaounganisha miamba hupungua karibu na maji taka ya mji, na fosfati ikahusishwa. Sina la kupunguza hapo. Fosfati ya mfereji wa mji huua mwamba, na ukosefu wa fosfati nao huua: mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake walionyesha kwamba nitrojeni ikizidi ilhali fosfati haipo, mwani wa ndani ya tumbawe hudhoofika na tumbawe hupauka upesi likipatwa na joto na mwanga mkali. Kitu ni kilekile, kipimo ni tofauti. Wanazuoni wa fikihi walikwisha kulifikiria jambo hili kwa makini ambayo wahubiri wa usafi wa jumla hawanayo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani yetu, maji yakifika kadiri ya kulateni, wengi hukadiria kuwa ni kama lita 200, najisi ikiyaangukia hayawi najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakiwa machache kuliko hapo, hunajisika papo hapo. Sheria haikuuliza tu nini kimeanguka; iliuliza kimeanguka ndani ya nini, na hicho kina uwezo gani wa kukibeba. Wafugaji wa samaki husema vivyo hivyo, bila kusoma kitabu chochote cha fikihi, wanapomwonya anayeanza asianze na tangi dogo. Na mtu akikosa maji, hutayamamu kwa udongo. Najisi iliyo nzito kuliko zote, ya mbwa na nguruwe, huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Mtu aliyedhani utakaso ni kuondoa kila kilicho cha ardhi atasimama hapo aduwae.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mifano, na mtu si tangi. Kweli. Nafsi haina nitrati. Lakini lugha ya maji, nyumba na ufagio haikuletwa na wafuga samaki. Ililetwa na dini zenyewe, na anayetumia mfano hana budi kukubali mfano umjibu. Kama ni uhai wa kufungiwa ndio unaotiliwa shaka, kwamba kioo si uumbaji, basi twende kilomita chache kutoka Tukuyu hadi Masoko, kwenye ziwa la volkano ambalo pia huitwa Kisiba, ambako Wajerumani walijenga boma lao. Halina mto unaoingia wala unaotoka. Kila jani linaloanguka kutoka msitu wa ukingoni, kila samaki anayefia humo, humalizikia humo. Hakuna aliyewahi kulibadilishia chujio. Mwaka 2015 kundi la watafiti, wakiwemo wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, walieleza kwamba samaki wa aina moja waliomo humo wamekuwa wakigawanyika, katika muda wa kama miaka 1,000 au chini ya hapo, kuwa makundi mawili: wa manjano ufukweni kwenye mwanga, wa buluu kule chini kwenye giza. Hayo ndiyo yaliyozaliwa katika maji yanayorudia mabaki yake yenyewe.

Lililobaki ni pingamizi la watu wa imani, nalo naliheshimu kuliko mengine. Ukisema kila uchafu una wa kuushughulikia, umeupa uovu kitambulisho. Mila ya kumtakasa mjane kwa kulazimishwa kulala na mwanamume, ambayo imekuwepo sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na Kusini, nayo ilijiita utakaso na ilikuwa na watu wake, siku zake na nafasi zake. Je, nayo ni sponji? Hapana, na tangi linajua kwa nini. Kuna shaba. Wafugaji huitumia kutibu vimelea vya samaki, lakini penye matumbawe haiwekwi hata tone, kwa kuwa hakuna kiumbe humo wa kuigeuza kuwa chakula cha mwingine; huingia ndani ya mawe na kukaa, ikavuja kidogo kidogo muda mrefu baadaye na kuua wasio na uti wa mgongo. Uchafu ninaoutetea ni ule unaotokana na kuishi kwenyewe: kinyesi, machozi, hasira ya mfiwa, shaka ya muumini, jina la babu ambalo halimo katika orodha ya watakatifu. Huo una wa kuula. Mjane anayelazimishwa hashughulikiwi na yeyote. Anabebeshwa uchafu wa wengine ili wao wajione safi, na virusi vya UKIMWI vilisafiri kwa njia hiyo. Anayetaka kuvitofautisha asiulize kama kitu ni cha kale au cha kigeni, wala kama kinatia kinyaa. Afuatilie kinaishia kwa nani. Kikiishia katika mwili wa mmoja asiye na pa kukipeleka, hiyo ni shaba.

Kwa hiyo machujio hubadilishwa, na mengine sharti yabadilishwe. Ugomvi wangu na mwenye tangi ni kwamba alibadilisha kwa siku moja. Wenye uzoefu hufunga jipya pembeni mwa la zamani, yakafanya kazi pamoja wiki kadhaa, mpaka walioishi katika sponji kuukuu wawe wamehamia mpya; ndipo kuukuu huondolewa, na huondolewa kweli. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walifanya yote mawili, kuhamisha na kutupa, kwa wakati mmoja. Jina la Mungu hawakulileta kutoka Ujerumani. Walichukua Kyala, jina ambalo kwa maelezo ya Wilson lilikuwa hapo zamani la mmoja wa mashujaa wa kale, wakalijaza maana mpya, na leo hakuna Mnyakyusa Mkristo anayesali kwa Kinyakyusa ambaye analiona kuwa ni la kipagani. Hilo lilikuwa kuhamisha bakteria. Lakini ibada za msiba waliwafundisha waumini kuziacha, kwa sababu zilihusu mizimu, na kwa sababu, lazima ikubalike, zilikuwa na vitisho vyake. Nyumba ya mfiwa ilifagiwa. Ingeweza kubaki tupu. Haikubaki, kwa kuwa watu walikuja kukaa ndani yake: nyimbo za usiku kucha mahali pa ngoma, majirani na vyungu vyao, wanawake kulala chini pamoja na mjane. Sina hakika kama kuna mchungaji aliyelipanga hilo. Vitu vya namna hii kwa kawaida huota vyenyewe juu ya sponji mpya, ikipewa muda. Mtu atasema huko ni kuchanganya dini. Lakini kwaya ya msibani haimwabudu yeyote aliyekatazwa. Imechukua kazi iliyoachwa bila mtu. Ninaowaonea wasiwasi ni wahubiri wa siku hizi wanaomwambia aliyeokoka asikanyage kabisa msiba wa baba yake mdogo kwa kuwa huko kuna mambo, wala hawamwambii akalie wapi.

Sponji yenyewe ina namna yake ya kutunzwa, na ni fupi. Haioshwi kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini iliyowekwa humo kuua vijidudu huua vijidudu. Ndoo hujazwa maji yaliyochotwa ndani ya tangi lenyewe, sponji ikazamishwa na kukamuliwa mara mbili tatu, mpaka maji yaweze kupita tena, wala si mpaka irudie weupe wa dukani. Kisha hurudishwa ilikokuwa. Ndani ya ndoo hubaki maji mazito ya rangi ya chai. Kama tangi ni la mbuna, wale samaki wa rangi wa miamba ya Ziwa Nyasa ambao huuzwa hadi ng'ambo, maji hayo humwagwa kwenye shina la mgomba, na mgomba huyapokea. Yakiwa ya tangi la matumbawe hayamwagwi hapo. Yana chumvi, yataukausha.